Wageni wa Vuli Angani: Jinsi ya Kuhesabu Ndege Wawindaji Kando ya Mabwawa ya Tana

Kila mwaka, mvua za vuli zinapolowesha mashamba ya Mbeere, kumbikumbi hutoka ardhini na watoto hukimbilia kuwaokota. Ukiinua macho wakati huo, huenda ukaona kwamba si watoto pekee waliofika kwenye karamu. Ndege wembamba wenye mabawa yaliyochongoka huzunguka juu, wanawanasa kumbikumbi kwa makucha na kuwala papo hapo bila kutua. Wengi wa ndege hao si wenyeji wa hapa. Miezi michache kabla ya hapo walikuwa wakilea makinda kaskazini mwa China, Mongolia au mashariki mwa Siberia.

Makala haya yanaeleza ndege hao ni akina nani, kwa nini kingo za mabwawa yetu ni mahali pazuri pa kuwatazama, na jinsi mkaazi yeyote mwenye daftari na subira anavyoweza kuwahesabu kwa njia inayowafaa wataalamu. Pia yanaeleza kwa nini hesabu hiyo inahitajika sasa.

WAGENI NI AKINA NANI?

Ndege wawindaji ni wale wanaoishi kwa kukamata wanyama wengine au kula mizoga: tai, kozi, mwewe, kipanga na tumbusi. Baadhi yao wako nasi mwaka mzima. Furukombe, mwenye kichwa cheupe na mlio unaosikika kote bwawani, ni mwenyeji. Wengine ni wageni wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia, ambako wakati wa majira ya baridi wadudu hutoweka na panya hujificha chini ya theluji.

Wageni watatu wanafaa kufahamika kwanza.

Wa kwanza ni kozi wa Amur, ambaye wataalamu humwita Falco amurensis. Ni mdogo kuliko njiwa wa mjini, na uzito wake ni takriban gramu 150. Dume ana rangi ya kijivu cheusi, miguu ya rangi ya machungwa, na weupe unaoonekana chini ya mabawa anaporuka. Huondoka Asia Mashariki, hupitia India, kisha huvuka Bahari ya Hindi kwa safari ya siku kadhaa asikoweza kutua popote. Hufika Afrika Mashariki karibu na mwisho wa Novemba na Desemba, kisha huendelea hadi kusini mwa Afrika.

Wa pili ni tai wa nyika, Aquila nipalensis. Nyika inayotajwa hapa si ya kwetu, bali ni mbuga za nyasi za Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Huyu ni tai mkubwa wa rangi ya kahawia, lakini akiwa huku hutembea chini akila kumbikumbi kama kuku. Tangu mwaka 2015 ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Wa tatu ni kozi mdogo anayeitwa Falco naumanni, anayetoka kusini mwa Ulaya na Asia ya kati. Husafiri kwa makundi na hupenda mashamba yaliyo wazi, ambako hula panzi, nzige na wadudu wengine.

Wote hawa hupita tena kuelekea kaskazini wakati wa masika. Safari ya vuli ndiyo tunayoizungumzia hapa.

KUTOKA BWAWA HADI BWAWA

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jinsi bwawa la mbali linavyoweza kuamua kitakachoonekana juu ya bwawa letu.

Katika jimbo la Nagaland, kaskazini-mashariki mwa India, kuna bwawa la umeme linaloitwa Doyang. Kila Oktoba na Novemba, kozi wa Amur kwa maelfu mengi hulala kwenye miti ya kando ya bwawa hilo ili wanenepe kabla ya kuvuka bahari. Mwaka 2012, wahifadhi walipiga picha wanakijiji wakiwanasa ndege hao kwa nyavu na kuwauza kama kitoweo. Makumi ya maelfu yalikuwa yakiuawa kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata mabaraza ya vijiji, makanisa na serikali ya jimbo yalikubaliana kupiga marufuku uwindaji huo. Msimu wa 2013 ukaisha bila kozi kunaswa. Watu waliokuwa wakitega nyavu wakawa walinzi na waelekezi wa wageni.

Mwaka huo huo, kozi watatu walifungwa vifaa vidogo vya setilaiti. Walipewa majina ya Naga, Wokha na Pangti, kwa heshima ya watu na maeneo ya huko. Safari zao zilithibitisha kwamba ndege wanaolala Doyang huvuka bahari hadi Afrika Mashariki, kisha huendelea kusini.

Wanakijiji wa Nagaland waliacha kipato cha haraka ili ndege hawa wapite salama. Upande wetu wa bahari, lililo muhimu kwanza ni kujua wangapi wanafika.

KWA NINI KANDO YA MAJI?

Ndege mkubwa kama tai hapendi kupiga mabawa safari nzima, maana angechoka na kufa njaa. Badala yake hutumia hewa moto. Jua linapopasha ardhi, hewa iliyo juu yake hupata joto na kupanda. Tai huingia ndani ya hewa hiyo, huzunguka bila kupiga mabawa hadi awe juu sana, kisha hunyoosha mabawa na kuteleza kuelekea anakokwenda mpaka akutane na hewa moto nyingine.

Maji hayapati joto haraka kama ardhi. Kwa hiyo juu ya ziwa kubwa au bahari, hewa hiyo ya kupanda huwa haba, na ndege wenye mabawa mapana huzunguka ukingoni badala ya kukatisha. Ndiyo sababu vituo vinavyojulikana sana duniani viko karibu na maji. Huko Duluth, Marekani, kwenye ukingo wa Ziwa Superior, watu wamehesabu ndege wawindaji kila mwaka tangu 1972. Huko Batumi, Georgia, kando ya Bahari Nyeusi, zaidi ya ndege wawindaji milioni moja huhesabiwa kwa msimu. Karibu zaidi na sisi, kwenye mlango-bahari wa Bab el-Mandeb kati ya Yemen na Djibouti, zaidi ya ndege wawindaji 240,000 walihesabiwa katika vuli ya mwaka 1987. Kati yao, zaidi ya 76,000 walikuwa tai wa nyika wakiingia Afrika.

Mabwawa yetu hayawezi kuwazuia ndege kama Ziwa Superior linavyofanya. Tai anaweza kuvuka Kamburu kwa dakika chache, na kozi, wanaopiga mabawa kwa nguvu, hawaogopi maji hata kidogo. Hata hivyo, ukingo wa bwawa una faida tatu. Kwanza, hakuna miti wala majengo ya kuziba upeo wa macho, hivyo unaona mbali. Pili, wadudu ni wengi kando ya maji na ndege huvutwa na chakula. Tatu, miti mikubwa ya kando ya mto huwapa mahali pa kulala.

Bonde la Tana limejaliwa kingo za aina hiyo. Mabwawa matano ya umeme yamejengwa kwa mfuatano: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Hifadhi ya Taifa ya Mwea, iliyo ndani ya Kaunti ya Embu, inapakana na maji ya Kamburu. Kwa jirani zetu wa Meru, miinuko ya Nyambene inayotazama tambarare za chini, na nyanda za Mbuga ya Meru, ni sehemu nzuri za kutazamia anga. Ziwa Nkunga lina uzuri wake, lakini msitu unaolizunguka huficha upeo, hivyo halifai sana kwa kazi hii.

DAFTARI LILILOTUFUMBUA MACHO

Huenda ukauliza: kuna haja gani ya kuhesabu ndege ambao hawana mwenyewe?

Katika miaka ya 1970, watafiti waliendesha magari kwenye barabara za Kenya wakiandika kila ndege mwindaji waliyemwona na umbali waliosafiri. Wakati huo ilikuwa kumbukumbu ya kawaida tu. Miongo kadhaa baadaye, watafiti wengine walirudia kazi hiyo kati ya 2003 na 2020 na kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na nyingi zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Ndani ya mbuga na hifadhi upungufu ulikuwa mdogo kuliko nje yake.

Bila zile daftari za zamani, hakuna ambaye angeweza kuthibitisha hasara hiyo. Wazee wangesema "zamani walikuwa wengi", vijana wangejibu "wazee husema hivyo kuhusu kila kitu", na mjadala ungeishia hapo. Hesabu ndiyo iliyogeuza kumbukumbu kuwa ushahidi.

Kenya ina mazoea ya kazi ya aina hii. Huko Ngulia, katika Mbuga ya Tsavo Magharibi, ndege wadogo wanaohama wamekuwa wakinaswa, kufungwa pete na kuachiliwa kila vuli tangu 1969. Kila Januari, watu wa kujitolea hushirikiana na Makumbusho ya Taifa na shirika la Nature Kenya kuhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Kwa ndege wawindaji wanaopita juu ya mashamba yetu, kila daftari jipya litakuwa na thamani.

JINSI YA KUHESABU

1. Chagua mahali pamoja na usipahame. Tafuta ukingo ulioinuka kidogo, wenye anga wazi upande wa kaskazini na mashariki, kwa kuwa wageni wa vuli hutokea huko. Ukihama kila wiki, hutajua kama ndege wamebadilika au ni wewe uliyebadilika.

2. Chagua siku na saa. Siku moja kila wiki kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Desemba inatosha kwa kuanzia. Ndege wanaotumia hewa moto huanza kupanda jua likishakolea, kwa hiyo hesabu kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Kama una saa mbili tu, chukua mbili hizo hizo kila wiki.

3. Msiwe chini ya wawili. Mmoja atazame, mwingine aandike, kisha mpokezane kila baada ya saa moja. Anayetazama akiinamia daftari, kundi zima linaweza kupita.

4. Weka mstari wa kufikirika. Chukua alama mbili, kwa mfano mti mkubwa upande huu na kilele cha kilima ng'ambo ya maji. Hesabu ndege anapouvuka mstari huo akielekea kusini au kusini-magharibi. Akizunguka na kurudi alikotoka, usimhesabu.

5. Tenganisha wageni na wenyeji. Furukombe anayevua samaki na mwewe anayezunguka sokoni waandikwe ukurasa wao. Wakichanganywa na wapitaji, hesabu yote itaharibika.

6. Makundi makubwa yahesabiwe kwa kumi. Ndege wanaozunguka ndani ya hewa moto huchanganya macho. Subiri watoke juu na kuteleza kwa mstari, kisha hesabu kumi, uone kumi hao wanachukua nafasi gani angani, na uendelee kumi kumi hadi mwisho. Andika kwamba hayo ni makadirio.

7. Andika hali ya hewa kila saa: mawingu, mvua, na upepo unakotoka. Siku ya mawingu mazito tai wachache hupita, na hilo si dalili kwamba wametoweka.

8. Andika sifuri. Hapa ndipo wengi hukosea. Saa nzima ikipita bila ndege, andika "0" pamoja na muda uliokaa. Daftari lenye siku nzuri pekee hudanganya, kwa sababu mtu atakayelisoma baadaye atadhani ndege walikuwa wengi kila siku.

KUMTAMBUA NDEGE KWA UMBO

Ndege aliye juu sana huwa kivuli tu, hivyo usitegemee rangi. Tazama umbo. Mabawa mapana yenye ncha zilizotawanyika kama vidole ni ya tai au tumbusi. Mabawa membamba yaliyochongoka kama mundu ni ya kozi. Mkia uliogawanyika kama panda ni wa mwewe. Ndege anayepita chini kabisa juu ya nyasi, mabawa yakiwa yameinuliwa kama herufi V, ni wa jamii nyingine ya wahamaji wanaotafuta panya na panzi.

Usipojua, andika "tai asiyetambulika" au "kozi asiyetambulika". Hakuna aibu. Hata kwenye vituo vikubwa safu ya wasiotambulika haikosi. Jina lililobahatishwa ni baya zaidi, kwa sababu hakuna atakayeweza kulirekebisha baadaye.

Darubini ya kukuza mara 8 au 10 husaidia sana, na moja inaweza kutumiwa na kikundi kizima. Asiye nayo bado anaweza kuhesabu idadi na kutenganisha maumbo kwa macho.

USALAMA NA RUHUSA

Mabwawa haya yana mamba na viboko. Kaa juu ya ukingo, mbali na maji na njia za viboko, na uondoke kabla giza halijaingia. Watoto wa shule waende na mwalimu au mzazi.

Kuta za mabwawa, mitambo ya umeme na maeneo yaliyozungushiwa ua ni chini ya KenGen, na si mahali pa kuingia au kupigia picha bila idhini. Kwa Hifadhi ya Mwea, fuata utaratibu wa lango. Kikundi kikubwa kikienda eneo la wazi, ni vyema kumjulisha chifu au mzee wa kijiji ili watu wenye darubini wasishukiwe bure.

HESABU IENDE WAPI?

Daftari likibaki kabatini halitamsaidia mtu. Orodha za ndege zinaweza kuwasilishwa kwenye mradi wa Kenya Bird Map, unaokusanya kumbukumbu za wananchi kutoka nchi nzima. Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi na Nature Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1909, pia hupokea taarifa. Weka nakala moja shuleni au kwenye kikundi chenu, kwa sababu simu hupotea.

Ukimpata ndege mwenye pete mguuni, iwe amekufa au yu hai, nakili herufi na namba zote, andika mahali na tarehe, kisha ujulishe Makumbusho. Pete moja inaweza kueleza safari ya maelfu ya kilomita.

YALIYO MIKONONI MWETU

Ndege aliyevuka bahari anaweza kufia hapa kwa sababu ambazo tunaweza kuzizuia.

Ya kwanza ni sumu. Mfugaji aliyepoteza mbuzi anaweza kushawishika kutia dawa ya wadudu kwenye mzoga ili amuue fisi. Fisi huenda asije, lakini tumbusi na tai watakuja, na mzoga mmoja unaweza kuua makumi yao. Hatari hiyo inamfikia pia mbwa wako, na mtoto aliyeshika mzoga bila kujua. Kutega sumu kwa wanyamapori ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013. Mifugo wakishambuliwa, piga ripoti kwa KWS.

Kweleakwelea nao ni tatizo la kweli kwa wakulima wa mpunga, mtama na wimbi. Lakini sumu inayowaua kweleakwelea humuua pia tai anayewaokota. Wakionekana shambani, ijulishe ofisi ya kilimo ya wadi mapema ili wataalamu wachukue hatua. Usijinunulie dawa na kunyunyiza mwenyewe.

Ya pili ni nyaya za umeme. Tai mwenye mabawa mapana akitua kwenye nguzo anaweza kugusa nyaya mbili kwa wakati mmoja na kuuawa. Ukikuta ndege amekufa chini ya nguzo, usimguse wala usikaribie waya ulioanguka. Andika namba ya nguzo na uripoti kwa kampuni ya umeme na KWS.

Ya tatu ni lawama isiyowastahili. Anayeiba vifaranga mara nyingi ni mwenyeji, na dawa yake ni banda lililofunikwa vizuri. Kozi wa Amur na yule kozi mdogo wanakula wadudu, wakiwemo panzi na nzige. Wakaazi wa Meru na Isiolo wanakumbuka nzige wa jangwani walioingia nchini mwishoni mwa Desemba 2019. Ndege hawangeweza kuwamaliza, lakini mkulima hana sababu ya kumpiga kwa manati ndege anayekula adui zake bila malipo.

ANZA MSIMU HUU

Hesabu ya mwaka mmoja haisemi mengi. Ya miaka mitano huanza kuonyesha mwelekeo. Ya miaka ishirini inaweza kubadili sera, kama zile za barabarani za miaka ya 1970 zilivyofanya macho yetu yafumbuke. Mwanafunzi wa gredi ya saba anayeanza daftari Kiambere vuli hii anaweza kuwa ndiye atakayewaambia wajukuu wa Embu ni kozi wangapi waliopita hapa, kwa namba, tarehe na saa.

Mvua ikinyesha na kumbikumbi wakitoka, tazama juu kwanza. Kisha andika.